Laptopu Ikikataa Kuwaka, Usiharakishe Kusema "Fomati"

Ilikuwa Januari, wiki ya shule kufunguliwa. Jirani yangu anauza sare na viatu vya shule, na hiyo ndiyo wiki yake ya mavuno. Till iko ukutani, foleni iko mlangoni, na pembeni mwa kaunta kuna laptopu ya zamani, zile tunazoita "ex-UK", aliyoinunua ikiwa tayari imefanya kazi miaka kadhaa mahali pengine. Asubuhi hiyo akaiwasha. Kioo kikawa cheusi, yakatokea maandishi meupe ya kusema hakuna diski ya kuanzia, basi. Akazima, akawasha tena. Vile vile.

Akaibeba kwa fundi. Fundi akaiangalia dakika mbili tu.

"Mama, hii Windows imekufa. Nitaifomati nikuwekee ingine. Elfu moja, ukuje saa kumi uchukue."

"Sawa, fanya haraka. Nina wateja."

Saa kumi laptopu ilikuwa inawaka vizuri sana, safi kama imetoka dukani, na shida ilikuwa hapo kwa usafi wake. Taarifa za miamala alizokuwa akipakua kila mwezi zimeenda. Orodha ya wazazi wanaolipa pole pole imeenda. Picha za risiti za wauzaji wa jumla zimeenda. Hesabu ya miaka minne ilifutwa kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni, na aliyeruhusu ni mwenyewe, kwa neno moja: "sawa".

Fundi hakumwibia. Alifanya kile alichoambiwa. Hata hivyo wazazi waliokuwa na deni walijua wana deni, na jirani yangu hakuwa tena na mahali pa kusoma ni kiasi gani. Wengine walikuja wakasema ukweli. Wengine hawakuja.

Ndiyo maana leo naandika kuhusu kompyuta katika ukurasa ambao kwa kawaida unakuambia mambo ya PIN na laini. Maoni yangu ni haya: kuweka upya mfumo kwenye laptopu inayogusa pesa zako ni uamuzi wa pesa, na unafaa kuufanya wewe mwenye pesa. Usimwachie fundi aamue peke yake kwa sababu una haraka.

Tulifundisha PIN, tukasahau laptopu

Sisi tunaoelimisha wateja lazima tukubali lawama kidogo. Kwa miaka mingi tumesema PIN, PIN, PIN. Usimwambie mtu, usiiandike, usitumie mwaka wako wa kuzaliwa. Watu wamesikia. Lakini biashara ndogo siku hizi haiishi kwenye simu pekee, na wakora wanalijua hilo kutuliko.

Hebu fikiria ni nini kiko ndani ya laptopu yako. PIN haimo, na isiwemo. Lakini brauza imehifadhi paswadi ya barua pepe, na barua pepe ndiyo hutumika kubadilisha paswadi nyingine zote. Imehifadhi paswadi ya iTax, labda na ya eTIMS. Kama una Paybill au Till, pengine imehifadhi ya tovuti unayoangalilia miamala. Kuna picha ya kitambulisho uliyoskani siku ile ya kufungua akaunti. Kuna cheti cha KRA. WhatsApp imefunguliwa hapo hapo. Na wako wateja ambao wameunganisha SMS za simu na kompyuta ili wasome ujumbe kwenye kioo kikubwa. Ukifanya hivyo, zile namba za uthibitisho zinazotumwa kwa simu zinasomeka pia na yeyote aliyekaa ndani ya hiyo laptopu, awe mtu au programu.

Mkora mwenye jina lako, namba ya kitambulisho, namba ya simu na taarifa ya miamala yako ya mwezi jana hana haja ya kukisia. Atakupigia akijifanya huduma kwa wateja, akutajie muamala wa kweli wa juzi, na wewe utaamini. Hapo ndipo PIN hutolewa na watu ambao wameapa hawawezi kuitoa.

Swali la kwanza: vitu vyangu viko wapi?

Windows kufa sio faili kufa. Hili ndilo jambo ambalo laiti jirani yangu angelijua asubuhi ile. Chukulia duka ambalo kufuli la mlango limekwama. Bidhaa bado ziko kwenye rafu. Hakuna mtu atachoma duka kwa sababu kufuli limekwama, lakini kufomati bila kunakili ni kitu cha aina hiyo.

Kuna njia mbili za kuingia na fundi yeyote wa maana anazijua. Ya kwanza ni kuwasha laptopu kwa flashi yenye mfumo wa Linux. Mfumo huo hukaa kwenye flashi na kufanya kazi kutoka huko, haugusi diski yako mpaka uuambie. Unafungua diski, unaona folda zako, unazinakili kwenye diski ya nje. Ya pili ni kutoa diski yenyewe na kuiunganisha kwa waya kwenye kompyuta nyingine. Zote mbili zinachukua muda, na muda huo una bei. Lipa.

Tena wakati mwingine shida si Windows hata kidogo. Laptopu ya zamani hukataa kuwaka kwa sababu RAM imelegea mahali pake, au kebo ya diski imelegea, au betri ndogo ya saa, ile bapa kama sarafu, imeisha na mipangilio imepotea. Ukiona saa na tarehe zimerudi nyuma miaka mingi kila ukiwasha, shuku hiyo betri. Na kama Windows yenyewe ndiyo yenye kasoro, toleo la 10 na la 11 yana sehemu ya kujirekebisha ambayo hutokea yenyewe baada ya kushindwa kuwaka mara kadhaa mfululizo. Humo mna chaguo la kurudisha mfumo huku faili zako zikibaki. Programu utaziweka upya, lakini hesabu itakuwepo. Hata hivyo, nakili kwanza.

Mambo mawili ya kuangalia. Kama diski inatoa sauti ya kugonga-gonga, zima na usiiwashe tena mpaka ifike kwa mtu anayejua kuokoa data. Kila ukiiwasha unaimaliza. Na kama laptopu inakudai ufunguo wa BitLocker, ile namba ndefu ya tarakimu 48, usifomati kwa hasira. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kufungulia kompyuta hiyo. Ingia kwa simu uutafute. Bila huo, hata flashi ya Linux haitasoma chochote.

Kama unadhani haya ni mambo ya watu wa kompyuta, kumbuka kwamba Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inamtaka mfanyabiashara ahifadhi kumbukumbu zake miaka 5. "Fundi alifomati" si jibu utakalotaka kutoa ofisini kwa watu wa kodi. Taarifa za miamala unaweza kuziomba tena kwa kampuni inayokuhudumia. Orodha ya wadeni huwezi kuiomba popote.

Swali la pili: unaniwekea Windows gani?

Hapa ndipo najua wengi tutatofautiana. Windows nyingi zinazowekwa kwenye vibanda vyetu ni za kukraki. Fundi ana flashi moja, ameitumia kwenye kompyuta mia. Akimaliza kuweka, anawasha programu ndogo iitwayo aktiveta ili Windows ikubali kwamba imelipiwa. Na hatua ya kwanza ya aktiveta nyingi ni gani? Kuzima antivirusi.

Soma hiyo sentensi tena ukifikiria duka lako. Mtu usiyemjua ametengeneza programu, akaitoa bure, na sharti lake ni mlinzi aondoke mlangoni kwanza. Kisha programu inapewa mamlaka yote juu ya kompyuta. Labda aliyeitengeneza ni mtu mzuri tu anayechukia kulipa. Labda yule aliyeinakili na kuisambaza mara ya pili sio mzuri. Fundi wako hajui, na wewe hujui.

Hatusemi hivi kuwatisha. Kuna aina nzima ya programu za wizi ambazo kazi yake ni moja: kuchukua paswadi zote zilizohifadhiwa kwenye brauza, na alama za kuingilia tovuti ambazo umeshafungua, na kumtumia mwizi kwa dakika chache. Moja iliyojulikana sana ni RedLine. Oktoba 2024 polisi wa Uholanzi pamoja na wenzao wa nchi nyingine waliiangusha mitambo yake. Programu zilizokrakiwa zimekuwa mojawapo ya njia kuu za kusambaza vitu vya aina hii. Na STOP, ile inayofunga faili zako na kudai pesa ndipo uzifunguliwe, ilienea sana kwa njia hiyo hiyo.

Fundi atakuambia, "Boss, nimeweka hii kwa watu wengi na hakuna amelalamika." Ninamwamini. Mwizi wa paswadi hapigi kelele. Mtu akiibiwa kutoka kwenye barua pepe miezi miwili baadaye, hatakumbuka siku aliyorudisha Windows. Atasema ni laini, atasema ni mtandao, atatupigia sisi simu.

Kabla hujalipia au hujakubali ya wizi, uliza hivi: je, laptopu hii tayari ina leseni yake? Kompyuta nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 10 zina ufunguo wake ndani ya bodi yenyewe. Ukipakua Windows hiyo kwenye tovuti ya Microsoft, bure, kwa flashi ya GB 8, ukaiweka toleo lile lile, Home kwa Home au Pro kwa Pro, itajitambua ikipata intaneti. Watu wanawekewa ya wizi juu ya kompyuta ambayo mwenyewe wa kwanza alishalipia!

Ila kuna jambo jingine. Microsoft ilisimamisha masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Waliojiandikisha kwa mpango wa nyongeza wamepewa hadi 13 Oktoba 2026. Baada ya hapo, shimo likigunduliwa halizibwi. Na Windows 11 haikubali kila laptopu. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64, na kwa upande wa Intel, kwa kawaida prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Laptopu nyingi za "ex-UK" kwenye kaunta zetu haziko huko. Kuna mafundi wanaojua kuilazimisha, lakini Microsoft haiahidi kuendelea kuzipa masasisho kompyuta zilizolazimishwa.

Swali la tatu: kwani lazima iwe Windows?

Mimi nasema hapana. Kwa duka la kawaida lenye laptopu ya miaka kumi, nasema weka Linux Mint. Ni bure, bila kuiba. Inahitaji RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo starehe, na nafasi ya GB 20 kwenda juu. Toleo la 22 limeahidiwa masasisho hadi 2029. Ina kitufe cha menyu pale chini kushoto kama ulivyozoea. Ina Firefox, na Firefox inafungua barua pepe na tovuti zako. Ina LibreOffice, ambayo inafungua faili zako za Excel na Word. Na ile flashi uliyotumia kuokoa faili zako ndiyo hiyo hiyo ya kuiwekea. Unaweza kuijaribu siku nzima kutoka kwa flashi kabla ya kuamua.

Pingamizi nazijua. Ya kwanza: "Nina programu ya hesabu ya Windows pekee." Kama ni hivyo, Linux si yako. Tafuta Windows halali, au laptopu nyingine iliyotumika lakini ya kizazi kipya zaidi, na uihesabu kama gharama ya biashara, vile unavyohesabu mizani au friji. Ya pili: "Printa yangu?" Nyingi zinafanya kazi, zingine zinasumbua. Ijaribu ukiwa bado unatumia flashi. Ya tatu: "Excel yangu ina fomula za ajabu." Fomula za kawaida za kujumlisha na kutoa hazina shida. Zile zenye vijiprogramu ndani, makro, zinaweza kugoma. Jaribu pia.

Ya nne ndiyo nzito: "Fundi wangu hajui Linux." Hapo nina neno kwa mafundi. Kaka zangu, dada zangu, hii ni kazi mpya imewafikia mlangoni. Kuna laptopu nyingi sana ambazo Windows 11 imezikataa. Mkijifunza kuziokoa bila wizi, mkanakili faili za mteja vizuri, mkambadilishia diski ya zamani kwa SSD, hiyo si kazi ya elfu moja tena. Mteja atalipa zaidi, na atarudi.

Diski ya zamani ni yako

Kwa sababu nimetaja SSD: mara nyingi dawa ya kweli ya laptopu ya zamani ni hiyo. Diski ile ya kuzunguka imechoka, unaweka SSD, laptopu inawaka haraka kiasi cha kukushangaza. Vizuri. Sasa diski ya zamani iko wapi?

Kama jibu ni "nilimwachia fundi", basi umemwachia kabati la ofisi. Kuifomati kwa haraka hakufuti vitu. Kunafuta orodha ya vitu tu, na programu za kurudisha faili ziko bure kwenye intaneti. Simsemi fundi wako. Nasema diski hiyo itauzwa, itanunuliwa, itatumika tena, na kitambulisho chako kitakuwa ndani. Iombe. Iweke nyumbani. Ikiwa imekufa kabisa, ipigie msumari. Na kama una majina, namba za simu na madeni ya wateja wako humo, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhesabu wewe pia kama mwenye jukumu la kuyalinda. Wazazi wale wa sare walimpa jirani yangu namba zao. Hawakuzipa soko.

Siku laptopu inarudi

Ikirudi ikiwa inawaka, usikimbilie kufungua kila kitu. Chukua simu yako, sio laptopu, ubadilishe paswadi ya barua pepe kwanza. Kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti hiyo, ondoa kila kifaa usichokitambua. Fungua WhatsApp kwenye simu, angalia vifaa vilivyounganishwa, toa vyote, uunganishe upya unachotaka. Fanya vivyo hivyo na SMS kama umeziunganisha, na kwa maoni yangu usiziunganishe tena. Halafu badilisha paswadi za iTax na za tovuti ya biashara. Kama ulimwandikia fundi paswadi ya kufungulia kompyuta kwenye karatasi, hiyo nayo imekwisha kazi.

Na kama wakati wowote fundi, au mtu anayesema ametumwa na fundi, anaomba PIN ya pesa "ili aunganishe", hapo hakuna mjadala. Hakuna kompyuta duniani inayohitaji PIN yako ili iwekewe mfumo.

Jirani yangu aliniuliza angefanya nini tofauti, maana wateja walikuwa mlangoni na hakuwa na muda wa haya yote. Nilimwambia muda haukuhitajika mwingi. Alihitaji kusema sentensi tatu pale kibandani: "Usifute kitu kabla hujanakili faili zangu nikaziona. Niambie kama Windows unayoweka ni halali, na kama sio, niwekee Linux. Diski ikitoka, nipe." Fundi mzuri hatakasirika. Anayekasirika amekupa jibu.

Sasa hivi jirani ana diski ndogo ya nje kwenye droo, chini ya daftari la risiti. Kila Ijumaa akifunga duka ananakili. Zile deni za zamani alishazisamehe, lakini akikutana na wazazi wale sokoni bado hajui amwangalie nani kwa jicho gani.